Mwanamke Aliyekataa Kugeuzwa Bendera

Mheshimiwa Seneta wa jimbo, uliyeondoka mji mkuu alfajiri na kufika hapa ukiwa bado unatabasamu. Mheshimiwa Meya wa mji jirani, uliyevuka daraja kutoka Kanada na kuwaambia watu wa mpakani, bila haya, kwamba unakwenda kucheza dansi. Baba Padri Armand. Mkuu wa Zimamoto na kikosi chako. Wajumbe wa Halmashauri ya Mji. Shangazi Philomène, ambaye kama tungefuata umri badala ya vyeo ungetajwa kabla ya Seneta. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wenzangu wa Valbrune mliojibana kule nyuma karibu na meza ya chakula, kwa kuwa mnanijua nikishika kipaza sauti: nawasalimu nyote kwa furaha kubwa, na nawaomba radhi mapema.

Mimi ni Réjean Soucy, kinyozi wa mji huu, na kwa mwaka huu mmoja nimekuwa pia mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa Ukumbi. Leo asubuhi alikuja mteja dukani, nikamrudisha nyumbani na ndevu zake, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa furaha, na mtu mwenye furaha kiasi hiki hapaswi kupewa wembe.

Tazameni jamani. Tazameni madirisha haya yanayoangalia mto bila kuuogopa, kwa kuwa safari hii tumepandisha msingi. Vuteni pumzi, msikie harufu ya mbao mpya. Nani kati yetu, Aprili ya mwaka juzi, akiwa amesimama kwenye matope na kuangalia ukumbi wa zamani ukiwa umelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, alidhani tutakaa hapa tena pamoja, na viatu vikavu?

Nimeombwa niseme machache kuhusu jengo. Kuhusu jengo nasema hivi: ni imara, ni zuri, na paa halivuji. Hapo nimemaliza. Muda uliobaki nitamzungumzia mtu, naye ameketi pale mbele akinitolea macho, kwa sababu alinionya jana nisithubutu. Dokta Odile Daigle, mwenyekiti wetu wa Halmashauri, samahani. Wewe una mamlaka juu ya barabara na maji. Juu ya mdomo wangu huna.

Wageni wetu pengine hamjui Odile alivyorudi hapa. Alizaliwa Valbrune, akaenda kusomea udaktari wa mifugo, na siku aliyorudi aliingia dukani kwa Bi Thériault akiwa na mwanamke mrefu aliyebeba kinanda cha mkononi. Mimi nilikuwepo, nanunua siagi. Odile akasema, "Bi Thériault, huyu ni Joanne, mke wangu."

Wateja wote wakageuka. Bi Thériault akamwangalia Joanne kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, "Anapika?"

"Hapana," Odile akajibu.

"Pole," akasema Bi Thériault, akampimia jibini, na mambo yakaishia hapo.

Mnacheka, nami nacheka. Lakini niwaulize: mnadhani kwangu mimi, niliyesimama pale na siagi mkononi, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa amejifunza kusema maneno hayo kwa namna nyingine, au kutoyasema kabisa, siku ile ilikuwa siku ya kawaida? Nilitoka dukani nikasahau kulipa. Bi Thériault hakusahau.

Baadaye tulimchagua Odile aongoze Halmashauri. Hatukumchagua kwa sababu ya Joanne, wala licha ya Joanne. Tulimchagua kwa sababu alikuwa amezalisha nusu ya ng'ombe wa bonde hili, na anasema jambo moja mbele yako na hilo hilo nyuma yako.

Ndipo ikaja Aprili ile. Mnajua barafu ya mto wetu inavyovunjika majira ya kuchipua. Mwaka ule ilivunjika yote kwa pamoja, ikateremka, ikajazana kwenye kona ya juu na kuziba mto kama kizibo kwenye chupa. Huku mjini jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa, watu wameanika nguo. Odile akapita mitaani na kipaza sauti cha zimamoto akituambia tutoke wote, sasa hivi, twende shuleni kilimani.

Lucien Michaud, mkulima wetu wa viazi, ambaye namwona pale amekunja mikono kama kawaida yake, alimfuata barabarani.

"Odile, jua linawaka. Unatutoa majumbani kwa sababu ya barafu ambayo hata haionekani?"

"Ndiyo, Lucien. Kama nimekosea, utanicheka ukiwa mkavu."

Alasiri barafu iliachia. Wale mliokuwa kilimani hamhitaji kuelezwa sauti ile, na wale ambao hamkuwepo siwezi kuwaeleza. Maji yalichukua ukumbi wetu, yakachukua duka langu hadi kwenye dari, yakachukua nyumba ya Odile na Joanne pamoja na piano ya Joanne ya kufundishia, ambayo tuliikuta wiki iliyofuata katikati ya shamba la viazi imesimama wima, kana kwamba inasubiri mwanafunzi. Lakini hayakuchukua mtu. Ndugu zangu, hayakuchukua mtu hata mmoja, na nataka neno hilo likae vizuri ndani ya jengo hili kabla sijaendelea.

Mngedhani baada ya hapo ingekuwa shukrani tu. Haikuwa hivyo.

Katika chumba cha chini cha ukumbi wa zamani walikuwa wakikutana vijana wa bonde hili, wavulana wanaopenda wavulana, wasichana wanaopenda wasichana, na wale ambao bado wanajitafuta na hawana haraka. Waliongea, walicheza karata, walikula biskuti. Ukumbi ulipokwenda na maji, Odile akawapa chumba cha juu cha kituo cha zimamoto, kama alivyowapa wanakwaya, na kama alivyowapa akina mama wanaoshona mablanketi. Wanakwaya hawakulalamikiwa na mtu, ingawa kwa sauti zao walistahili.

Lakini hizi ni nyakati gani tulizomo? Ni nyakati ambazo jambo la chumba kimoja juu ya gari la zimamoto linaweza kufika nchi nzima kabla chai haijapoa. Kikapita kikaratasi mitaani kinachosema Valbrune inaharibu watoto. Yakaja magari yenye namba za majimbo ambayo mimi nayajua kwenye ramani tu, wakashuka watu wakasimama mbele ya kituo wakipiga kelele, nao hawakuwa na shangazi wala mjomba hapa. Mtu akawa anapiga simu nyumbani alikohamia Odile, hasemi jina, anataja tu rangi ya gari la Joanne na saa anayotoka kazini. Nawaomba mlifikirie hilo. Mwanamke aliyepoteza nyumba yake majini, anapokea simu na kusikia mgeni akimtajia rangi ya gari la mke wake.

Na upande wa pili, wakaja waliotupenda. Nao niwaseme, maana leo ni siku ya kusema. Walikuja na kamera. Walikuja na fulana zenye sura ya Odile. Walitaka azungumze Boston, azungumze Chicago, asimame hivi, ageuke hivi, alie kidogo ikiwezekana. Binti mmoja wa televisheni, mzuri tu, mwenye adabu, alimshika mkono mbele ya duka langu lililojaa tope akamwambia, "Dokta, wewe si mtu tena. Wewe ni alama ya matumaini."

Odile akamwambia, "Asante. Unajua mahali pa kupata mabomba ya maji ya inchi sita?"

Yule binti akadhani ni utani. Haukuwa utani. Nusu ya mji ilikuwa inachota maji kwenye lori. Waliomchukia walitaka awe shetani, waliompenda walitaka awe bendera, na katika kelele zote zile hakuna aliyemuuliza mabomba yamefika wapi.

Naye alijaribu kuwajibu wote. Hilo ndilo lililoanza kummaliza. Alijibu kila simu. Alijibu matusi kwa heshima na sifa kwa uvumilivu. Aliacha kwenda kwa ng'ombe, akamwachia kazi daktari wa wilaya nyingine, akisema hana muda. Joanne aliniambia kwamba anakula akiwa amesimama, anaongea usingizini. Mimi nikaona kwa njia yangu. Kinyozi anaona kichwa cha mtu kabla ya daktari. Nilikuwa nimefungua duka la muda kwenye gereji ya mpwa wangu, akaja nimkate nywele, nikapitisha kitana, na nywele zikabaki kwenye kitana bila mkasi kuzigusa. Yeye mwenyewe alizitazama zikianguka sakafuni.

Mwisho wa Agosti, asubuhi moja ya jua, gari lake lilisimama mbele ya gereji na halikuzimwa. Nikangoja. Hakushuka. Nikatoka na taulo begani.

"Shuka, mwanangu. Nimekuwekea kiti."

"Siwezi kushuka, Mjomba Réjean."

"Umeumia?"

"Sijui. Najua tu kwamba nikifungua mlango huu, kuna mtu atataka niwe kitu fulani, nami sina kitu kilichobaki cha kuwa."

Nikazunguka nikaingia upande wa abiria. Tukakaa. Akaniambia kwamba Ijumaa atajiuzulu. Akasema kura ya kumwondoa imeshaitishwa, sahihi zimetosha, na ya kwanza kabisa ni ya Lucien Michaud. Afadhali aondoke mwenyewe kabla mji haujapasuka kwa ajili yake.

Mkitarajia nilimpa maneno ya hekima, mnanisifu bure. Sikuwa nayo. Nilimwambia, "Basi hata nywele hukati?" Akanitazama kama anataka kunipiga. Na hapo simu yake ikalia, akaiangalia, akaniwekea mapajani nipokee mimi.

Ilikuwa sauti ya Lucien.

"Mpe Odile."

"Anapumzika, Lucien. Mpigie yule daktari mwingine."

"Nimeshampigia, yuko mbali. Mwambie ni Rosette. Ndama amekaa vibaya. Mwambie tu hivyo."

Odile alikuwa amesikia. Akatia gia, nami nikiwa na taulo langu begani na viatu vyangu vya dukani, tukaenda.

Baba Padri, kwa yanayofuata naomba uniwie radhi. Rosette alikuwa amelala zizini, macho yamemtoka, na Lucien amepiga magoti kwenye majani makavu, kofia mkononi kama yuko kanisani. Odile akavua saa, akaosha mkono hadi begani, akalala chini ubavuni nyuma ya ng'ombe, akaingiza mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili niliona uso wake umetulia. Alifumba macho, alikuwa anasoma kwa vidole.

Lucien akasema, "Odile, nataka ujue kutoka kwangu mwenyewe. Nimetia sahihi ya kukuondoa."

"Najua. Shika kamba."

Akashika kamba.

"Si kwa sababu ya Joanne," akasema.

"Kwa sababu ya nini?"

"Barabara ya mashambani. Umeiacha tangu mafuriko. Nitavuna vipi? Nitabeba viazi kichwani?"

"Una haki," Odile akasema, akiwa bado amefumba macho. "Hiyo una haki. Vuta sasa, taratibu, ukimfuata yeye anavyosukuma."

Wakavuta. Na mimi nikavuta, nikateleza kwenye kitu ambacho sitakitaja mbele ya Seneta. Akatoka ndama jike, mweusi, mrefu wa miguu, hapumui. Odile akamsafisha pua, akamsugua kwa taulo langu, akamchapa kifuani, akamsugua tena, na yule kiumbe akapiga chafya. Ndugu zangu, nimesikia muziki mwingi katika mji huu, na wapiga fidla wetu wananijua, lakini chafya ile sijui niifananishe na nini.

Odile akakaa kwenye majani, mkono wote umejaa damu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Huyu Rosette hajui mimi ni nani. Hajui kabisa."

Lucien akamwangalia. "Anajua vizuri sana," akasema. "Wewe ndiye uliyeingiza mkono."

Hiyo, wageni waheshimiwa, ndiyo hotuba ya uongozi bora kuliko zote nilizowahi kusikia, na aliyeitoa alikuwa ametia sahihi ya kumwondoa.

Ijumaa ikafika, Odile hakujiuzulu. Aliita kikao. Akasimama mbele yetu akasema, "Nimekuwa nikiongoza mji huu kana kwamba nyinyi hampo. Sasa nataka muwepo." Akagawa mzigo. Mabomba akampa Mkuu wa Zimamoto, ambaye alikuwa anayataka tangu mwanzo na aliona aibu kuomba. Barabara ya mashambani ikawekwa mbele ya kila kitu kabla ya mavuno. Simu za vitisho akazikabidhi kwa polisi badala ya kukaa nazo kifuani, na vijana wa zimamoto wakapanga zamu ya kuegesha gari mbele ya nyumba yao, ndani yake mtu akisoma gazeti kwa utulivu, ili yeyote mwenye kujua rangi ya gari la Joanne ajue pia rangi ya gari la zimamoto.

Na waandishi wa habari? Wote aliwaelekeza kwa Shangazi Philomène. Shangazi, simama kidogo wakuone. Mama huyu, mnavyomwona, haongei Kiingereza siku asiyotaka kuongea, ni Kifaransa tu, na katika miezi ile hakutaka hata siku moja. Kila mwenye kamera alikaribishwa jikoni, akawekewa ploye, zile chapati zetu za njano zinazoiva upande mmoja, siagi juu, sharubati tamu ya utomvu wa mti juu ya siagi, na kila alipotaka kuuliza swali aliwekewa nyingine. Waliondoka wameshiba, hawana habari. Wawili walirudi bila kamera.

Odile mwenyewe akarudi kwa ng'ombe. Kila asubuhi kabla ya ofisi, zizi moja au mawili. Na Jumamosi, simu inabaki ndani ya pipa la unga, na mezani kwao wanakaa watu wanaomwita Odile, wanaomwambia kwamba supu imezidi chumvi na kwamba juzi alimjibu vibaya karani. Mimi ni mmoja wao. Kazi hiyo naipenda, na naifanya kwa bidii.

Msidhani hofu ilikwisha. Nilimuuliza siku moja. Akaniambia, "Ipo, Mjomba. Ila siku hizi naipa chakula mara moja kwa siku, kama mnyama mwingine yeyote, halafu nafunga mlango nakwenda kazini."

Oktoba tukaingia katika ukumbi wa michezo wa shule kupiga kura. Mji mzima. Wazee waliletwa na viti vyao. Odile akapewa nafasi ya kwanza kusema. Alieleza mabomba, alieleza barabara, alieleza mpango wa jengo hili. Kisha akakunja miwani yake akasema, "Mimi ni mwanamke ninayempenda mwanamke, na mimi ni mwenyekiti wenu. La kwanza halihitaji kura yenu. La pili ni mali yenu, amueni." Akakaa. Mtu aliyekuwa ameombwa, akaombwa, akaombwa awe bendera, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mke wake kama raia mwingine anayesubiri matokeo.

Akasimama mwenzetu mmoja, na jina lake silitaji kwa kuwa yupo na leo amenisaidia kupanga viti. Akasema kwamba siku ya mafuriko Odile aliokoa kwanza nyumba yake na ya watu wa aina yake, akatuacha sisi.

Kabla sijapumua, Lucien Michaud alikuwa amesimama.

"Mimi nitapiga kura ya kumtoa," akasema. "Barabara ilichelewa, na mtu akichelewa aambiwe. Lakini huo ni uongo. Siku ile alimbeba mama yangu, aliyekuwa amegoma kutoka, mgongoni akamteremsha ngazi, na wakati anambeba, nyumba yake mwenyewe ilikuwa inaelea. Mimi niliiona ikipita. Naye aliiona, akageuza uso, akaendelea kushuka. Nani amekuja hapa kwa ajili ya barabara? Abaki. Nani amekuja kwa ajili ya kitanda cha watu? Arudi nyumbani akatandike chake."

Lucien, bado umekunja mikono. Sawa. Ikunje, lakini mji mzima ulikusikia.

Na mimi, sijui nini kilinipata. Miguu ilinisimamisha yenyewe. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mnanijua wote. Nimewakata nywele, nimewanyoa mababu zenu siku za mazishi. Fernand Gagnon aliishi nyumbani kwangu maisha yake yote mpaka nilipomzika, na mlimwita mpangaji wangu, nami niliwaacha mumwite hivyo. Fernand hakuwa mpangaji. Fernand alikuwa mwenzangu wa maisha." Nilingoja dari lianguke.

Kutoka safu ya mbele Bi Thériault, bila hata kugeuka, akasema, "Réjean, tunajua. Tumejua tangu zamani. Kaa chini, unachelewesha kura."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwenye kiti kitamu kama kile.

Odile alibaki. Alibaki kwa kura chache, na ni heri tuseme ukweli kwamba zilikuwa chache, kwa maana wengine mlimpinga na leo mko hapa mmevaa mashati yenu ya Jumapili, na sakafu hii nzuri ya mbao ngumu za mti uleule unaotupa sharubati, imetoka kwenye shamba la Lucien, ambaye mpaka leo anasema atampigia mtu mwingine uchaguzi ujao. Hivyo ndivyo mji unavyoishi. Hatukuhitaji kukubaliana ili tujenge. Tulihitaji kuacha kusema uongo kuhusu sisi kwa sisi, na kubeba mbao.

Niseme neno kwa vijana wa chumba cha juu, ambao sasa wana chumba chao hapa ghorofani, chenye dirisha na, nasikia, jokofu. Wanangu, baadhi yenu mtaongoza. Nawaona, mmeshaanza kubishana kuhusu zamu za jokofu. Mtaongoza katika nyakati ambazo kila mtu atataka kipande chenu, wengine kwa chuki, wengine kwa mapenzi, na mapenzi pia yanaweza kummaliza mtu. Tafuteni kazi ya mikono inayowahitaji nyinyi na si majina yenu. Tafuteni meza ambayo mnaambiwa supu imezidi chumvi. Na siku mtakaposhindwa kushuka kwenye gari, msione aibu. Kaeni hapo hapo, mtu atakuja na taulo begani. Kama hakuna, nipigieni mimi. Nipo kwenye kitabu cha simu, chini ya herufi S.

Odile, Halmashauri ilipitisha jana kwamba kuanzia kesho una likizo ya mwezi mzima. Ulipinga, ukashindwa kwa kura zote dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya kwako. Joanne ameshafunga masanduku. Ofisi itakuwa na Mkuu wa Zimamoto, na ng'ombe watakuwa na yule daktari mwingine, ambaye safari hii amehakikisha hayuko mbali.

Sasa nimalizie, naona fidla zinatolewa kwenye masanduku. Katika ukumbi wa zamani, Jumamosi za dansi, mimi nilicheza na wake za rafiki zangu wote. Nilikuwa mchezaji mzuri, walinigombania. Fernand alikaa ukutani, amebeba makoti ya watu mapajani, akinitazama, na nikipita karibu naye alikuwa akinyoosha mguu kidogo ili kiatu chake kiguse changu. Hiyo ndiyo dansi tuliyokuwa nayo, miaka na miaka, na nawaambia ilikuwa tamu, lakini ilikuwa ndogo.

Leo dansi ya kwanza katika ukumbi huu itafunguliwa na Mwenyekiti na mke wake, mbele ya Seneta, Meya, Padri na wote. Ya pili ni ya yeyote mwenye miguu. Kutoka ng'ambo ya mto amekuja bwana mmoja anaitwa Hervé Lagacé, mjane, mtengeneza saa mstaafu, yule mwenye tai ya bluu anayejifanya hanisikii. Ameniomba dansi ya pili. Nikamwambia mimi sijui kucheza upande wa kuongozwa. Akaniambia hata yeye hajui. Basi tutakanyagana, ndugu zangu, tutakanyagana katikati ya sakafu mchana kweupe, na anayetaka kutazama atazame.

Makoti wekeni kwenye misumari, tumepigilia mingi. Nawashukuru mlionisikiliza mpaka hapa, na mliosinzia nawashukuru kwa kutokoroma. Joanne, mshike mkono mwenzako. Wapigaji, tuanzieni.